Tupu si sifuri

Katika kila kituo cha afya cha Unguja na Pemba, juu ya meza ya muuguzi, pana daftari. Si kitabu kikubwa, wala hakina pambo lolote. Pengine jalada lake limekwisha kuchanika na pembe za kurasa zake zimekunjamana. Lakini ndani ya daftari hilo ndimo inamoandikwa, siku baada ya siku, hesabu ya mojawapo ya kazi kubwa ambazo Serikali ya Mapinduzi na wananchi wa Visiwa hivi wamepata kuzibeba kwa pamoja, nayo ni kazi ya kuing'oa malaria katika ardhi yetu. Leo tunapenda kuzungumza na wasomaji wetu, wananchi pamoja na viongozi wa ngazi zote, juu ya daftari hilo: linavyoandikwa, linavyosomwa, na hatari itakayotufika endapo tutaacha kuliandika.

Wako watakaosema kwamba jambo hili limekwisha kuzungumzwa mno. Vijana wetu wengi walio na umri wa miaka ishirini hivi leo hawajui malaria ni kitu gani isipokuwa kwa kusikia. Kwa hakika hiyo ni neema, na kila mzazi aliyepata kukesha na mtoto anayetetemeka kwa homa katika miaka ya nyuma anaijua thamani yake. Lakini neema isiyojulikana ilikotoka huwa nyepesi kupotea. Kwa hiyo hatuna budi kwanza tukumbushane tulikotoka.

Mnamo mwaka 2001 ilithibitika kwamba klorokwini, dawa tuliyoizoea sote na ambayo kila duka la mtaani likiiuza, ilikuwa ikishindwa kuwaponya zaidi ya nusu ya wagonjwa waliochunguzwa hapa Visiwani. Uamuzi ukapitishwa wa kuiacha. Mwezi wa Septemba mwaka 2003 dawa mseto ikaanza kutolewa bila ya malipo katika vituo vyote vya Serikali. Baadaye vikafuata vyandarua vilivyotiwa dawa ya kudumu, vikagawiwa kwanza kwa mama wajawazito na watoto wadogo. Na kuanzia mwaka 2006 nyumba zikapigwa dawa ukutani, mjini na mashamba. Matunda yakaonekana upesi kuliko ilivyotazamiwa. Utafiti uliofanywa katika Wilaya ya Kaskazini A, Unguja, ulionyesha kwamba baina ya mwaka 2002 na 2005 vifo vya watoto walio chini ya miaka mitano vilipungua kwa asilimia 52, na watoto waliolazwa kwa ajili ya malaria walipungua kwa asilimia 77. Hata watoto waliohitaji kutiwa damu walipungua kwa asilimia 67. Ilipofika mwaka 2008 haikuwa rahisi tena kumpata mtoto mmoja mwenye vimelea vya malaria katika watoto mia waliopimwa.

Hizo si takwimu za kujisifia tu. Kila asilimia ndani yake mna watoto ambao leo ni walimu, mabaharia na askari, na baadhi yao bila shaka wanaisoma safu hii.

Lakini historia yetu ina sura nyingine ambayo haipendezi kuisoma, nayo ni lazima isomwe. Hii si mara ya kwanza kwa Zanzibar kuikaribia sifuri. Mwishoni mwa miaka ya 1950, kwa msaada wa Shirika la Afya Duniani, ulianzishwa mpango wa kuyatokomeza maradhi haya kwa kupiga dawa majumbani, nao uliendelea hadi mwaka 1968. Malaria ilishuka sana. Ikashuka mpaka ikaonekana kwamba kazi imekwisha, na mpango ukafungwa. Haikupita miaka mingi maradhi yakarejea kama kwamba hayakupata kuondoka. Katika miaka ya 1980 tukajaribu tena, safari hii kwa msaada wa Marekani, na mwishoni mwa muongo huo mpango huo nao ukafungwa, ilhali mbu wakiwa wamekwisha kuizoea dawa iliyokuwa ikitumika, na malaria ikabaki pale pale. Ukiyatazama majaribio hayo mawili utaona kwamba dawa zilikuwapo na wapigaji dawa walikuwapo. Kilichopungua ni jicho la kudumu, yaani utaratibu wa kuwatafuta, kuwahesabu na kuwafuata wagonjwa wachache waliobaki baada ya wengi kwisha, na nia ya kuendelea kuulipia utaratibu huo wakati ambapo hapana tena kilio kinachosikika.

Kwa kuyazingatia hayo, mpango wa sasa ulitiwa jicho tangu mapema. Mwezi wa Septemba mwaka 2008 vituo kumi vya afya vilianza kupeleka taarifa za wagonjwa wa malaria kila wiki kwa simu ya mkononi, na baadaye utaratibu huo ukaenezwa katika vituo vya Serikali vya Visiwa vyote viwili. Mwaka 2012 ikaongezwa hatua ya pili, ambayo ndiyo roho ya kazi yenyewe, kwamba kila mgonjwa afuatwe nyumbani kwake. Mtambo wa kompyuta unaoongoza kazi hiyo umepewa jina la Coconut, yaani nazi, na kwa hakika jina hilo linatuelea, kwani nazi haikuonyeshi kilichomo ndani mpaka uivunje.

Tueleze utaratibu wenyewe ulivyo, maana wananchi wengi huona pikipiki ikisimama mlangoni pa jirani wasijue imefuata nini. Mtu mwenye homa hufika kituoni. Muuguzi humchoma kidole, akachukua tone la damu, akalitia katika kipimo cha haraka, na baada ya robo saa au zaidi kidogo jibu hupatikana. Ikiwa ana malaria, hupewa dawa na jina lake likaandikwa daftarini. Hapo hapo muuguzi hutakiwa apeleke taarifa kwa simu. Taarifa hiyo humfikia ofisa wa ufuatiliaji wa malaria wa wilaya, naye hupanda pikipiki akaenda kituoni kulihakiki daftari, kisha akafuata njia mpaka nyumbani kwa mgonjwa. Akifika huwapima wote wanaolala katika nyumba ile. Huuliza kama wana vyandarua na kama wanavitumia. Huuliza nyumba ilipigwa dawa lini. Huuliza nani alisafiri, wapi, na alirudi siku gani. Anayekutwa na vimelea hutibiwa pale pale, hata kama hajisikii homa.

Kwa nini haraka yote hiyo? Kwa sababu ofisa yule anashindana mbio na mbu. Mbu akimuuma mwenye vimelea hawezi kumwambukiza mtu mwengine siku ile ile. Vimelea huhitaji siku kumi hivi au zaidi kukomaa ndani ya mwili wake. Muda huo ndio nafasi tuliyopewa. Ofisa akifika siku ya pili au ya tatu, nyumba nzima yaweza kusafishwa kabla ya mbu kuwa tayari kuueneza ugonjwa. Akifika baada ya wiki mbili, atakuwa amekwenda kuhesabu hasara badala ya kuizuia.

Sasa tuulizane: mbio hizo tunazikimbia vipi? Wataalamu walipata kuufanyia uchunguzi utaratibu huu kwa kuyapitia madaftari ya vituo arubaini ya Unguja na Pemba kwa miaka ya 2015 na 2016, wakalinganisha yaliyoandikwa kituoni na yaliyotendeka nyumbani. Matokeo yake yanafaa kubandikwa katika kila ofisi. Vituo vya Serikali vilikuwa vimetoa taarifa ya wagonjwa 91 katika kila 100 walioandikwa kwa Unguja, na 87 kwa Pemba. Hilo ni jambo la kupongezwa bila kusita, na pongezi hizo ni za wauguzi wetu. Waliofuatwa mpaka majumbani mwao walikuwa 74 katika kila 100 kwa Unguja na 79 kwa Pemba. Hapo pia mtu mwadilifu atasema kwamba kazi ilifanyika. Lakini ilipoulizwa ni wangapi ambao kila hatua yao ilikamilika kwa wakati, yaani taarifa ndani ya siku moja, kuhakiki ndani ya siku moja, na kufika nyumbani ndani ya siku moja, jawabu lilikuwa 25 katika kila 100 kwa Unguja, na 30 kwa Pemba.

Maana yake ni kwamba katika kila wagonjwa wanne wa Unguja, watatu waliachwa nyuma na mbio zile, ama kwa kuchelewa kufikiwa ama kwa kutofikiwa kabisa. Uchunguzi huo huo ulibainisha pia kwamba hospitali na zahanati za watu binafsi huko Unguja zilikuwa nyuma sana katika kutoa taarifa. Miaka imepita tangu takwimu hizo zikusanywe, na hatuzitaji leo ili kumwaibisha mtu. Tunazitaja kwa sababu ndizo mfano wa hesabu tunayotaka wananchi waizoee: hesabu inayosema waziwazi ni wangapi waliofikiwa, ni wangapi waliochelewa na ni wangapi waliosahauliwa. Ripoti isemayo tu kwamba zoezi linaendelea vizuri haina faida kwa mtawala wala kwa mtawaliwa.

Na hapa tunaomba ruhusa tusimulie tuliyoyaona wenyewe. Katika mizunguko yetu ya kazi za Chama tulipita katika kituo kimoja cha afya cha shamba, tukamkuta muuguzi kijana, mwanamke mwenye bidii na adabu, akiwa peke yake. Tulipomwomba atuonyeshe daftari la taarifa za kila wiki alitupa bila kusita. Wiki nyingi zilikuwa zimeandikwa vizuri: waliopimwa kadha wa kadha, wenye malaria sifuri. Kisha zikafuata wiki tatu ambazo hazikuandikwa kitu. Tukamwuliza, "Mwanangu, hapa pana nini?" Akatujibu kwa utulivu, "Mzee wangu, hapakuwa na mgonjwa, ndiyo maana sikuandika."

Jawabu hilo lingeturidhisha, lau kama tusingekwenda barazani kwa sheha kupumzika. Sheha akatukumbusha kwamba katika wiki hizo muuguzi alikuwa amefiwa na akenda kwao kuzika, na kwamba hakuletwa wa kumshikia nafasi, kwa hiyo kituo kilifunguliwa siku mbili tatu tu. Mzee mwengine aliyekuwa akisuka ukili pembeni akaongeza kwamba mjukuu wake alipata homa siku hizo hizo, akanunuliwa vidonge dukani, akapona. Homa ya nini? Hajui. Hakupimwa, wala hakuandikwa.

Hatumlaumu binti yule hata kidogo, na hatungependa kusikia kwamba kiongozi yeyote ameondoka ofisini kwenda kumtafuta. Aliyefiwa hana budi azike. Lakini tukio hilo lilitufundisha jambo ambalo tunaliona kuwa ndilo kiini cha shughuli nzima. Sifuri ni kazi iliyofanywa: watu walikuja, walipimwa, hakuonekana mwenye malaria, na mtu akatia mkono wake kulithibitisha hilo. Ukurasa mtupu hauna shahidi. Huenda nyuma yake pana afya, huenda pana mlango uliofungwa, huenda pana mtoto mwenye homa anayepewa vidonge gizani. Anayekaa makao makuu akazijumlisha wiki zote, akazihesabu zile tupu kuwa ni sifuri, atakuwa amejenga nyumba juu ya mchanga, na nyumba hiyo itamwangukia mwenyewe.

Yapo na makosa mengine, nayo yako upande wa sisi viongozi. Imekuwa ni mazoea, idadi ya wagonjwa inapopanda katika wilaya fulani, wahusika kuitwa na kuulizwa kwa ukali kwa nini wameiharibia wilaya sifa. Mtu akikaripiwa kwa kusema kweli mara moja, mara ya pili atanyamaza. Mficha maradhi kifo humuumbua, na methali hiyo haikusemwa kwa mgonjwa peke yake. Inaihusu hata ofisi. Kupanda kwa idadi baada ya kuongezwa upimaji kwaweza kuwa ni dalili kwamba jicho linaona vizuri zaidi. Kiongozi mwenye busara huuliza kwanza: waliopimwa walikuwa wangapi? Wangapi walifuatwa? Kwa siku ngapi? Akiisha kujibiwa hayo ndipo aulize habari ya sifa.

Mwishoni mwa mwaka 2023 na mwanzoni mwa mwaka 2024 tulipata onyo. Baada ya mvua nyingi za vuli idadi ya wagonjwa ilipanda, na watu waliokuwa wamesahau chandarua kilipo wakaanza kukitafuta. Onyo hilo lilituthibitishia kwamba mbu wetu bado wapo, ardhi yetu bado inawafaa, na kwamba kinga ya miili yetu imepungua kwa sababu ya miaka mingi ya kukaa bila ya malaria. Moto ukishika katika makuti makavu hauulizi mwenye nyumba ana cheo gani.

Cheche zenyewe nyingi huja na watu. Visiwa vyetu havikupata kuwa peke yao. Bahari ndiyo njia yetu kuu tangu enzi na enzi. Kila siku boti huvuka kutoka Dar es Salaam, na vyombo vingine hutoka Tanga na kwingineko vikaja Pemba; na mbali na bandari rasmi zipo bandari bubu ambako chombo hushusha watu usiku bila ya kuulizwa. Mara kwa mara uchunguzi umeonyesha kwamba sehemu kubwa ya wanaokutwa na malaria hapa Zanzibar walikuwa wamesafiri kwenda Tanzania Bara muda mfupi kabla ya kuugua. Wapo wafanyabiashara, wapo wavuvi waliokwenda dago, wapo vijana wanaokuja kwa kazi za ujenzi na mahoteli, wapo wachumaji wanaohamia makambini msimu wa karafuu wakalala nje ya nyumba zilizopigwa dawa.

Tunasema haya kwa tahadhari, kwa kuwa ulimi mbaya waweza kuligeuza jambo la afya likawa jambo la ubaguzi. Wengi wa wasafiri hao ni sisi wenyewe: ni wana wa Makunduchi, Nungwi na Micheweni waliokwenda kuzika, kuoza na kutafuta riziki. Vimelea havina kabila wala havina cheti cha kuzaliwa. Mgeni akiogopa kwamba atasutwa, hatakwenda kupimwa, na hasara itakuwa ya mwenyeji. Njia iliyo sahihi ni kumrahisishia: msafiri ajue kwamba akipata homa baada ya kurejea, apimwe siku hiyo hiyo bila ya malipo na bila ya masimango, na nahodha, mkuu wa dago na msimamizi wa kambi wajue kwamba wao pia ni sehemu ya ulinzi huu.

Hatuna budi kukiri pia kwamba chombo chenyewe kina mipaka yake. Kipimo cha haraka ni kizuri kwa mtu mwenye homa, lakini mtu mwenye vimelea vichache mno huweza kukipita bila ya kuonekana, akaendelea kutembea na mbegu ya maradhi akidhani ni mzima. Mbu nao wamebadilika: baadhi yao wamezoea dawa tulizoanza nazo, ikatubidi tubadilishe dawa za kupiga ukutani, na wengine huuma nje, wakati watu wako barazani, arusini au ufukweni, ambako chandarua hakifiki. Kwa sababu hizo tarehe ya kuitokomeza malaria imekwisha kusogezwa mbele zaidi ya mara moja. Kusogeza tarehe si dhambi, almuradi wananchi waelezwe sababu zake.

Wala tusikate tamaa tukadhani kwamba hili haliwezekani. Liko taifa la visiwa kama sisi, Cabo Verde, katika bahari ya Atlantiki upande wa magharibi ya Afrika. Wao nao waliitokomeza malaria mara mbili, mwaka 1967 na mwaka 1983, na mara zote mbili ikawarudia walipolegeza kamba. Mwaka 2017 ulizuka mripuko katika mji wao mkuu wa Praia. Hawakuuficha. Waliwafuata wagonjwa mmoja mmoja, wakaimarisha taarifa, na tangu mwezi wa Januari mwaka 2018 hapakuambukizwa mtu tena kwa mbu wa nchini mwao. Mwezi wa Januari mwaka 2024 Shirika la Afya Duniani likawatunukia cheti, kwani sharti lake ni miaka mitatu mfululizo bila ya maambukizo ya ndani, pamoja na ushahidi kwamba utaratibu wa kuyagundua unafanya kazi. Tuyatie maanani maneno hayo ya mwisho. Nchi haipewi cheti kwa kutokuwa na wagonjwa katika karatasi. Hupewa kwa kuthibitisha kwamba lau mgonjwa angekuwapo, angeonekana.

Sasa tufike kwenye jambo zito kuliko yote, nalo ni fedha. Jicho hili tulilolisifu, tangu mtambo wake wa kompyuta hadi sehemu kubwa ya gharama za kuwafuata wagonjwa na za kupiga dawa, limetegemea mno misaada ya nje, hususan ya Marekani, kupitia mpango wake wa malaria ulioanzishwa mwaka 2005, na ya Mfuko wa Dunia. Tunashukuru, na shukrani hiyo ni ya dhati. Lakini mwanzoni mwa mwaka 2025 Serikali ya Marekani ilisimamisha sehemu kubwa ya misaada yake kwa nchi za nje, na mwezi wa Julai mwaka huo huo shirika lake la misaada, USAID, likafungwa. Mipango ya afya ya nchi nyingi za Afrika ikatikisika kwa amri iliyotiwa saini mbali kabisa na wagonjwa wenyewe. Tulipokuwa vijana tulifundishwa siasa ya kujitegemea, na wako waliokuja baadaye kuicheka. Hivi sasa kicheko hicho kimepungua.

Tusidanganyane: Zanzibar haiwezi kununua kila kitu kwa fedha yake kesho asubuhi. Vyandarua na dawa za kupiga majumbani ni ghali. Lakini kuandika, kutoa taarifa na kumfuata mgonjwa si ghali kama hivyo. Petroli ya pikipiki katika wilaya kumi na moja, vocha za simu za wauguzi, posho halali ya maofisa na mshahara wa fundi wa kuutunza mtambo, hayo ni mambo ambayo Serikali yenye watu wapatao milioni moja na laki tisa yaweza kuyaweka katika bajeti yake na kuyalinda. Msaada wa nje ukipungua, cha kwanza kupunguzwa huwa ni kile kisichoonekana kwa macho, na ufuatiliaji hauonekani. Hauna jengo la kuzinduliwa wala utepe wa kukatwa. Kwa ajili hiyo unahitaji mtetezi katika Baraza la Wawakilishi kuliko barabara inavyohitaji.

Kwa mintarafu hiyo tunayo machache ya kuomba.

Kwa wananchi: mwenye homa apimwe kabla ya kumeza dawa, na siku hiyo hiyo. Vidonge vya dukani vyaweza kumpoza mgonjwa, lakini vinaificha nyumba nzima. Na ofisa anapobisha hodi, akaribishwe. Kuna watu humwambia kwamba mgonjwa keshapona, hapana haja. Nao hawajui kwamba hakumfuata aliyepona, amewafuata wale wasiojijua.

Kwa masheha, ambao ndio wanaozijua nyumba zao, wageni wao na kambi zao: wasingoje kuulizwa. Shehia yenye dago jipya au kambi ya karafuu, ofisa wa wilaya aambiwe wiki hiyo hiyo.

Kwa wenye zahanati na maduka ya dawa ya watu binafsi: leseni ya kutibu ni amana. Mgonjwa wa malaria asiyeripotiwa ni amana iliyoliwa, na Serikali ina haki ya kuuliza.

Kwa maofisa wa afya wa wilaya: kituo kilichonyamaza kwa wiki moja kipigiwe simu, na kilichonyamaza kwa wiki mbili kiendewe. Mwuguzi anayefiwa, anayeugua au anayekwenda kujifungua aletewe wa kumshikia nafasi, kwa kuwa mbu hachukui likizo.

Na kwa wakubwa wa Serikali: kila baada ya miezi mitatu wananchi waonyeshwe hesabu ya kila wilaya, katika magazeti na redioni. Hatuombi majina ya wagonjwa, maana hayo ni siri yao. Tunaomba mambo manne tu: wangapi walioandikwa, wangapi walioripotiwa, wangapi waliofuatwa majumbani, na wangapi waliofuatwa kwa wakati. Hesabu hizo zikizoeleka, mwananchi wa Mkoani ataweza kumwuliza mwakilishi wake kwa nini wilaya yake iko nyuma ya Wete, na suala hilo litafanya kazi kuliko semina kumi.

Sisi tuliokaa vyuoni utotoni, mbao zetu za kusomea zikiwa mapajani, tulifundishwa kwamba watu wanapokopeshana wameamrishwa waandikiane, liwe deni dogo au kubwa, na wasichoke kuliandika. Tulipokuwa wadogo tulishangaa kwa nini deni dogo nalo liandikwe. Ukubwani tumefahamu kwamba deni dogo ndilo linalosahauliwa, na lililosahauliwa ndilo linalozua ugomvi. Wagonjwa wa malaria waliobaki kwetu ni hilo deni dogo. Baba zetu waliacha kuliandika mwaka 1968, nasi watoto wao tukalilipa kwa miaka thelathini na zaidi.

Muuguzi yule tuliyemkuta shamba, kabla hatujaondoka, alilichukua daftari lake, akairudia ile mistari mitatu mitupu, akaandika katika kila mmoja: kituo kilifungwa. Hakuandika sifuri. Tulimshukuru, tukamwombea subira kwa msiba wake, tukashika njia. Wilaya yenye watu kama yeye haishindwi na mbu, ikiwa walio juu yake watamletea petroli, vocha na mtu wa kumshikia nafasi.